Kliniki za Kisiwani Mombasa: Usingoje Mpaka Ubebwe

Mkulima akiugua ana mazoea ya kungoja. Hungoja palizi ishe, hungoja korosho ziokotwe, hungoja bei ya nazi ipande, na mwisho hungoja mpaka abebwe. Siku hiyo jamaa zake hukodi gari usiku, huvuka daraja la Nyali, na kumfikisha katika hospitali kubwa ya Kisiwani. Huko madaktari hutakiwa kufanya kwa saa moja kazi ambayo ingalifanywa kwa miezi, pole pole na kwa gharama ndogo.

Mzee mmoja wa skimu ya Mtwapa, mwenye minazi na miembe, ametukubalia tueleze habari yake bila kumtaja jina. Miaka michache iliyopita alipimwa katika kliniki moja Kisiwani akaambiwa ana presha. Akapewa vidonge ndani ya bahasha iliyoandikwa “moja asubuhi”, akatumwa nyumbani. Hakuna aliyemwambia kuwa vidonge hivyo haviishi, ya kwamba bahasha ikiisha yapaswa kurudi kuchukua nyingine. Alimeza vyote, akajiona mzima, na msimu wa maembe ulikuwa umefika. “Sikuwa na maumivu yoyote,” asema. “Dawa ya nini tena?”

Miezi minne baadaye, asubuhi moja akiwa chini ya mwembe, mkono wa kulia ulikataa kushika kikapu na mdomo ukaenda upande. Mkewe alidhani ni jua. Walimlaza kivulini mpaka alasiri, ndipo wakatafuta gari. Ng'ombe wawili waliuzwa. Leo mzee anatembea kwa bakora, lakini mkono wake haushiki panga, na minazi yake inaangaliwa na kijana wa kulipwa.

Tumeanza na habari hii kwa sababu ugonjwa wa presha ndio unaowakamata wakulima wengi wenye umri, nao hauna kelele. Hauumi kama jino. Mtu hupimwa mkononi kwa dakika chache tu, na kipimo kikifika 140 juu na 90 chini, tena kikarudia hivyo siku nyingine, basi ameingia katika watu wa kuhudhuria kliniki. Dawa huishusha presha maadamu inamezwa. Ikiachwa, presha hurudi kimya kimya. Na mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama, mgonjwa asilazwe kivulini. Apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama maembe yatalala chini.

NI NANI AENDE WAPI

Wakulima wengi wakisikia neno hospitali huwaza mahali pamoja tu, yaani Hospitali Kuu ya Pwani, ile ambayo wazee bado huiita Makadara. Hospitali hiyo hupokea wagonjwa wa rufaa kutoka Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita-Taveta. Kwa hiyo mtu anayekwenda huko na mafua au kidonda kidogo hukaa kwenye foleni nyuma ya watu waliovunjika mifupa na akina mama wanaohitaji kupasuliwa, halafu hurudi nyumbani jioni akilalamika kwamba hakuhudumiwa. Hakuonewa. Aliingia mlango usio wake.

Njia iliyo sawa huanzia karibu na shamba. Kwanza ni zahanati, kisha kituo cha afya, halafu hospitali ndogo ya kaunti, na juu yake hospitali ya rufaa. Mkulima wa Tezo anayo hospitali ya Kilifi. Wa Diani na wa Shimba Hills wanazo za Kwale na Msambweni. Mtu aliyepimwa huko akaonekana ana jambo kubwa hupewa barua ya rufaa, na barua hiyo ndiyo imfunguliayo mlango wa daktari bingwa Kisiwani. Ichunge barua kama unavyochunga karatasi za shamba lako. Aliyemeza sumu, aliyeumwa na nyoka, au mama mwenye uchungu wa kuzaa haombwi barua. Yeye apelekwe penye msaada ulio karibu.

Kisiwani penyewe iko pia hospitali ya Tudor, na Majengo iko hospitali ya MEWA iliyoanzishwa na Waislamu kwa ajili ya watu wote. Za kulipia ziko kadhaa tena za siku nyingi: Hospitali ya Mombasa, ambayo asili yake ni mwaka 1891, ya Aga Khan ya mwaka 1944 na ya Pandya ya mwaka 1947. Zamani za ukoloni watu waligawanywa hospitali kwa rangi zao, Wazungu kwao, Wahindi kwao, na Mwafrika na Mwarabu mahali pengine. Siku hizi kinachowagawa ni mfuko.

Katika Mji wa Kale wako madaktari wa mtaani, wenye vyumba vya chini katika majumba ya milango ya nakshi. Vichochoro vingine ni vyembamba hata gari haliwezi kupita, na mgonjwa asiyeweza kutembea hushushwa barabarani akaletwa kwa kiti. Uzuri wa daktari wa namna hiyo ni kwamba anakujua wewe na alimjua baba yako. Ubaya wake ni kwamba maandishi yako hubaki kwake, na ukienda kwingine unaanza upya. Basi umwombe akuandikie jina la ugonjwa na majina ya dawa. Na uulize bei kabla hujaketi. Kufanya hivyo si utovu wa adabu.

SIKU YA KLINIKI

Tulifuatana na yule mzee wa Mtwapa siku yake ya kurudi. Alipanda matatu kabla ya alfajiri, akapita soko la Kongowea watu wakishusha viazi na nyanya, na jua lilipochomoza alikuwa amekwisha keti kwenye benchi na kadi yake mkononi. Waliofika saa tatu walikuta benchi limejaa. Kliniki za presha na sukari huwa na siku zake katika wiki, na kila mahali siku ni tofauti, kwa hiyo mtu aulize na aandike.

Mwuguzi alimpima, akatazama kadi, akamtazama mzee.

“Shikamoo mzee. Vidonge vilikwisha lini?”

“Marahaba, mwanangu. Vilikwisha Ijumaa.”

“Leo ni Jumatano.”

“Nilikuwa nangoja siku ya kliniki.”

“Mzee wangu, vikibaki vya wiki moja, njoo. Usingoje siku. Au mtume kijana na kadi, tuzungumze naye.”

Mzee hakujibu, lakini tulimwona akihesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto.

Mwenye sukari ana kazi zaidi. Kipimo kimoja hutaka asile kitu tangu usiku, maji tu, lakini ikiwa anatumia dawa za sukari aulize kwanza afanyeje, maana kumeza dawa na kukaa na njaa huweza kumwangusha njiani. Tena atazamwe miguu. Mkulima anayelima peku huchomwa na mwiba asisikie, kwa kuwa sukari huua hisi ya miguu, na kidonda kidogo huoza mpaka mguu ukakatwa. Viatu vya plastiki vya bei ndogo vimeokoa miguu mingi kuliko watu wanavyodhani.

Kliniki ya akina mama haina haja ya maelezo mengi kwa wanawake, maana wanaijua. Waume ndio wanaopaswa kuelezwa. Mama mjamzito hutakiwa kuhudhuria mara 8, na mara ya kwanza iwe kabla ya mimba kufika miezi mitatu. Huku kwetu Pwani hupewa chandarua na dawa ya kumkinga na malaria, hupimwa damu na presha, na hudungwa sindano ya kuzuia pepopunda. Presha ya mimba huua haraka kuliko ile ya wazee. Mume anayesema “mambo ya wanawake” na kukataa kutoa nauli anaweka akiba mahali pabaya. Mtoto naye huchanjwa anapozaliwa, kisha akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14, halafu sindano ya surua miezi 9 na miezi 18. Hiyo ya miezi 18 ndiyo inayosahauliwa, kwa sababu mtoto anakimbia na mama amekwisha rudi shambani.

Kikohozi cha wiki mbili si cha vumbi la mahindi. Makohozi yapimwe. Dawa za kifua kikuu katika hospitali za serikali hazilipiwi, nazo humezwa kwa muda wa miezi sita bila kukatiza.

Meno na macho ziko kliniki zake.

MAJERAHA YA SHAMBANI

Anayeanguka kutoka mnazini asiinuliwe kwa kushikwa mabega na miguu. Alazwe juu ya ubao au mlango uliong'olewa, shingo isitikisike, na abebwe hivyo hivyo. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe, asinyonywe sumu wala asifungwe kamba ya kubana. Atulizwe, kiungo kisichezeshwe, apelekwe. Aliyeumwa na mbwa aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende siku hiyo hiyo akadungwe sindano za kuzuia kichaa cha mbwa, na azimalize zote kwa tarehe zake. Ugonjwa huo ukisha anza hautibiki. Aliyevuta au kumeza dawa ya kuua wadudu apelekwe pamoja na chupa au kopo lake, kwa kuwa daktari husoma humo jina la sumu.

FEDHA

Wazee watakumbuka kwamba mwaka 1965 serikali ilifuta malipo kwa wagonjwa wasiolazwa, na mwaka 1989 malipo yakarudi. Mwaka 2004 ada ya zahanati na vituo vya afya ilishushwa ikawa shilingi 10 na 20, na Juni 2013 ikaondolewa. Bima ya NHIF iliyoanza mwaka 1966 imekwisha. Tangu Oktoba 2024 iko Mamlaka ya Afya ya Jamii, inayoitwa SHA. Mtu hujiandikisha kwa kitambulisho, hata kwa simu kwa kubonyeza *147#. Aliyejiandikisha hutibiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya. Kwa kulazwa hospitali hutakiwa awe amelipa mchango wake, ambao ni asilimia 2.75 ya mapato ya nyumba, nao haupungui shilingi 300 kwa mwezi. Asiye na mshahara hulipa wa mwaka mzima, yaani shilingi 3,600 kwa uchache. Fedha hizo ni nyingi kwa mtu kuzitoa mara moja mwezi wa njaa, na wengi wamelalamika. Afadhali azitenge nazi au korosho zinapouzwa. Yule mzee wetu aliuza ng'ombe wawili.

Alipotoka kliniki alikuwa na bahasha mbili za vidonge na tarehe mpya kwenye kadi. Akatuomba tuisome kwa sauti, maana miwani aliisahau. Ilikuwa katikati ya msimu wa maembe. Akacheka kidogo, akasema atamwambia yule kijana achume siku moja kabla, kisha akashika bakora akaelekea kituo cha matatu.