Kusaidia wengine na ustawi wa kihisia

Kusaidia wengine ni kumpa mtu muda, nguvu, mali au faraja kwa hiari, bila kudai malipo. Wanasaikolojia wamegundua kwamba tendo hilo humfaidi pia mtoaji: huongeza furaha yake na kumfanya ajione ana thamani.

Mfano wa Mbulu na Hanang

Wilaya za Mbulu na Hanang ziko katika mkoa wa Manyara, Tanzania. Miongoni mwa Wairaqw (huitwa pia Wambulu), majirani wana desturi ya kulimiana mashamba, kujengeana nyumba na kusaidiana wakati wa misiba. Anayesaidiwa leo huitwa kusaidia kesho, hivyo hakuna anayebaki mpokeaji tu.

Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang (mita 3,417) na kufunika sehemu za mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki. Wananchi walishirikiana na vyombo vya ulinzi na Chama cha Msalaba Mwekundu katika uokoaji, na misaada ilitoka sehemu mbalimbali za nchi.

Baada ya janga la namna hiyo, aliyepoteza ndugu na mali anaweza kujiona hana uwezo juu ya chochote. Kupika, kuchota maji au kukaa na mfiwa mwenzake humpa jambo analoweza kulifanya. Huzuni haiondoki, lakini upweke hupungua.

Utafiti

Mwaka 2008 Elizabeth Dunn, Lara Aknin na Michael Norton walichapisha jaribio ambamo watu walipewa dola 5 au 20 za kutumia siku hiyohiyo. Waliozitumia kwa ajili ya wengine walikuwa na furaha kuliko waliojinunulia vitu, na kiasi cha fedha hakikuleta tofauti. Matokeo hayo yanalingana na methali ya Kiswahili, "Kutoa ni moyo, si utajiri". Mwaka 2013 Aknin na wenzake walionyesha uhusiano kama huo nchini Kanada na Uganda, nchi zenye vipato tofauti sana.

Sababu

* Uhusiano: msaada huwaleta watu karibu.
* Uwezo: mtoaji huona matokeo ya kazi yake.
* Hiari: tendo alilolichagua mwenyewe humridhisha kuliko alilolazimishwa.
* Ubongo: kutoa huamsha sehemu za ubongo zinazohusika na raha.

Mipaka

Faida hizo hupungua msaada unapokuwa wa shuruti au unapozidi nguvu za mtoaji. Waokoaji, wauguzi na wanaouguza ndugu kwa muda mrefu wanaweza kupata uchovu wa kihisia, usingizi ukapotea na huruma ikafifia. Kwa hiyo wanahitaji kupumzika, kupokezana zamu na wao pia kusaidiwa.