Shule ndogo yenye mwembe na uwanja wa mchanga



Ndugu Waislamu, kila ufunguapo mwaka wa masomo wazazi wetu hurudi kwenye swali lile lile: mtoto tumpeleke wapi? Mwenye uwezo huitafuta shule ya ghorofa, yenye basi lake na sare ya tai. Asiye na uwezo humpeleka iliyo karibu, ambako chumba kimoja kimejaa watoto hadi madirishani. Wote wawili huipita bila kuitupia jicho ile shule ndogo iliyojengwa na watu wa mtaa kando ya msikiti, yenye vyumba viwili, mwembe mmoja na uwanja wa mchanga. Na yule anayejaribu kumpeleka mwanawe pale, aghalabu humwondoa baada ya muhula mmoja kwa hoja ambayo tumeisikia mara nyingi: "Pale hawasomi, wanacheza tu. Kila siku anarudi na mchanga kichwani."

Mzazi anayesema hivyo hana nia mbaya. Ada aitoayo ni jasho lake, naye anataka kuiona katika daftari. Basi tumjibu kwa heshima.

Tuanze na dini yetu. Mtume (S.A.W.) alipokuwa mchanga alilelewa na Bibi Halima katika jangwa la Bani Saad, kwani watu wa Makka waliamini kuwa hewa safi na lugha fasaha ya mabedui humfaa mtoto. Alipokua, alichunga kondoo. Katika Suratul Ghaashiya, aya ya 17 hadi ya 20, watu wanaitwa kumtafakari Muumba kupitia ngamia, mbingu, milima na ardhi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo vinne kinachoingia darasani. Naye Imam Ghazali, katika kitabu chake cha Ihyaa, alishauri mtoto aruhusiwe kucheza mchezo mwema atokapo chuoni, akionya kwamba kumzuia asicheze na kumlemea kwa masomo daima huufisha moyo wake.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mapema miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu wa pwani ya Kenya, wakiona vijana wao wachache mno wanafika vyuo vikuu, waliomba msaada kwa Aga Khan. Kazi ilianzia Mombasa, ikiongozwa na mwalimu Bi Swafiya Said, kwa kuanzisha shule za awali ndani ya jamii za Waislamu zenye kipato kidogo. Mwaka 1990 mpango huo ulifika Zanzibar, na mwaka 1993 ukafika Uganda, hata shule zikazidi 200. Kila jamii ilitoa mahali, mara nyingi palepale penye madrasa, ikaunda kamati yake na kuwachagua wasichana wa hapo hapo wafunzwe ualimu. Vifaa vilitokana na mazingira: vifuu vya nazi, makombe ya pwani, mbegu, vipande vya mbao. Mtoto alihesabu kwa kokwa kabla hajahesabu kwa kalamu, na masomo yakaenda pamoja na dua, nyimbo na adabu za Kiislamu. Matokeo ya utafiti uliofanywa katika nchi hizo tatu yalichapishwa mwaka 2008: watoto waliopita shule za awali waliwashinda waliobaki nyumbani, na wale wa shule hizi za madrasa wakawa mbele zaidi. Hao ndio waliokuwa "wanacheza tu".

Kwa watoto wakubwa, wa miaka minane au kumi hivi, uwanja ule wa mchanga una thamani kubwa zaidi. Mwalimu anasimika kijiti wima asubuhi, na watoto wanatia alama ncha ya kivuli kila baada ya nusu saa. Kivuli kinapungua, kinafika ukomo wake, kisha kinaanza kurefuka: jua limepinduka, Adhuhuri imeingia. Wanakipima kivuli kile kifupi kabisa, kisha wanangoja mpaka kivuli kiwe sawa na urefu wa kijiti kwa kuongeza kipimo kile cha mwanzo. Hapo Alasiri imeingia. Katika siku moja wamejifunza hesabu, jiografia na fikihi, na tangu hapo saa ya ukutani si mwalimu wao pekee wa nyakati za sala.

Kijiti hicho hicho kinawaonyesha kibla. Mombasa iko karibu kabisa kusini mwa Makka, ndiyo maana wazee wetu waliita upande wa kaskazini "kibla". Tarehe 27 au 28 Mei, saa sita na dakika 18 mchana kwa saa zetu, na tena tarehe 15 au 16 Julai, saa sita na dakika 27, jua huwa juu ya Al-Kaaba. Wakati huo kivuli cha kijiti huelekea kusini, na anayekipa mgongo ameelekea kibla. Tumepata kuwauliza vijana wenye vyeti vizuri kwa nini msikiti wao umeelekea ulikoelekea, wakatuangalia tu.

Shule iliyo karibu na bahari ina neema zaidi. Maji ya bamvua huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na maji mafu huja mwezi ukiwa nusu. Mtoto anayeandika kupwa na kujaa kwa mwezi mzima anajua tarehe za Kiislamu bila kuangalia kalenda. Atatambua pia mchu kwa mizizi yake iliyochomoza matopeni kama penseli, na mkoko kwa mizizi yake iliyosimama kama miguu.

Afya nayo haiko nyuma. Katika jiji la Guangzhou, China, baadhi ya shule za msingi ziliongeza dakika 40 za shughuli za nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka mitatu, waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa asilimia 30.4, na katika shule ambazo hazikuongeza, asilimia 39.5. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2015. Kuhusu udogo wa darasa, jimbo la Tennessee huko Marekani lilijaribu kati ya 1985 na 1989: watoto wa madarasa ya wanafunzi 13 hadi 17 waliwapita wenzao wa madarasa ya 22 hadi 25 katika kusoma na hesabu. Sisi hata hao 25 tungeshukuru.

Hata hivyo, udogo peke yake si sifa. Shule isiyosajiliwa, isiyo na choo cha wasichana, maji safi wala uzio, mzazi asiipeleke amana yake huko hata ikiwa na miembe kumi. Na mwalimu anayewatoa watoto nje bila kuwa na somo mkononi, huyo kweli anawachezesha tu.

Lakini linalozidhoofisha shule hizi zaidi ni mshahara wa mwalimu. Kamati humfunza binti wa mtaa kwa taabu, akishakuwa hodari huchukuliwa na shule kubwa inayomlipa zaidi, na waliobaki huanza upya. Kupandisha ada ni kuwafukuza wale wale ambao shule ilijengwa kwa ajili yao. Wazee wetu waliweka wakfu mashamba ya minazi ili taa za misikiti zisizimike. Chumba kimoja cha duka, kikiwekwa wakfu na kodi yake ikaenda kwa mwalimu mmoja, kitambakisha chini ya mwembe ule. Jambo hili tunawaomba wanakamati walifikishe kwa wenye mali, wakiwa na hesabu ya mishahara mkononi, kabla ya muhula ujao kufunguliwa.