Saa 2 angani, mwezi mzima kusubiri

Mfanyabiashara aliyezoea kukadiria nauli kwa kilomita atapata shida akiitazama ramani ya Atlantiki ya Kusini. Kati ya uwanja wa ndege wa St Helena na ule wa Ascension, visiwa viwili vilivyo chini ya Uingereza, kuna maili 700 za baharini, yaani takriban kilomita 1,300. Umbali huo ni karibu mara mbili ya ule wa anga kati ya Dar es Salaam na Nairobi. Muda wa safari ni kiasi cha saa 2.

Jeti iendayo kilomita 800 kwa saa ingemaliza mwendo huo kwa dakika 97 na nusu. Muda unaobaki huliwa na kupaa, kushuka na kutambaa uwanjani. Upepo wa kilomita 100 kwa saa ukivuma kutoka mbele, dakika hupanda hadi 111. Ukisukuma kutoka nyuma, hushuka hadi 87. Wenye kukodi ndege wazingatie kwamba upepo haurudishi chote unachochukua: kwenda na kurudi ni dakika 198 badala ya 195.

Hata hivyo, gharama yenyewe haimo katika dakika hizo bali katika upweke wa viwanja. Rubani akishindwa kutua Nairobi ana viwanja vingine vya kukimbilia. Akishindwa St Helena, jirani wa karibu ni huyo huyo Ascension. Kwa hiyo ndege itokayo bara hubeba akiba kubwa ya mafuta, na safari za kutoka Johannesburg zimewahi kupitia Walvis Bay, Namibia, kujaza matangi kabla ya kuvuka kilomita 2,270 hivi za bahari. Kila kilo ya mafuta ya akiba ni kilo ambayo haikulipiwa nauli na abiria wala mwenye mzigo.

Uwanja wa St Helena uligharimu pauni milioni 285. Ulipangwa kufunguliwa Mei 2016, lakini upepo unaogeuka ghafla karibu na njia ya kurukia ukachelewesha mambo, na safari ya kwanza ya ratiba ikatua Oktoba 14, 2017. Ndege iliyotumika, Embraer 190, ina viti karibu 100. Ilianza kwa kikomo cha abiria 76. Viti vilivyobaki wazi vililipiwa na nani? Na waliokalia vile 76, bila shaka, pamoja na ruzuku ya serikali.

Mwekezaji mdogo ana sababu nyingine ya kutazama ratiba kabla ya ramani. Safari ya kwenda Ascension ilipoanza Novemba 2017, ilikuwa mara moja tu kwa mwezi. Mwenye bidhaa aliyeikosa kwa siku moja alisubiri karibu siku 30 kwa safari ya saa 2, huku mtaji wake umelala na riba ya mkopo inahesabiwa. Shehena nzito nayo imeendelea kwenda St Helena kwa meli, ambayo haiogopi upepo wa njia ya kurukia.