Istilahi za Tamasha la Raksi ya Mashariki

Mfasiri anayekabidhiwa tangazo la tamasha la ile ngoma ya Misri iitwayo kwa Kiarabu raqs sharqi hana budi kuanza na jina. Wapo waandikao "ngoma ya tumbo". Jina hilo halikutoka kwa wenye ngoma. Ni tafsiri sisisi ya jina la Kifaransa la karne ya 19, lililoenea Marekani kufuatia Maonyesho ya Dunia ya Chicago ya mwaka 1893. Kasoro yake ni kwamba hutaja tumbo peke yake, ilhali mchezaji hutumia pia nyonga, kifua, mabega na mikono. Aidha, huweza kumtisha mgeni mwenye haya kabla hajafika mlangoni.

Wamisri hutofautisha raqs sharqi, ngoma ya mashariki ichezwayo jukwaani, na raqs baladi, ngoma ya kienyeji ya nyumbani na mitaani. Kwa hiyo twapendekeza "raksi ya mashariki" na "raksi ya kienyeji". "Kukata kiuno" kubaki jina la mwondoko, si la sanaa nzima. Wala "chakacha" isiazimwe, kwani hiyo ni ngoma ya Mwambao yenye mila zake.

Neno "hafla" lahitaji uangalifu. Wachezaji wa raksi wa Ulaya na Marekani wameliazima kutoka Kiarabu kwa maana ya jioni ya kucheza mbele ya marafiki, pasipo urasmi. Katika Kiswahili, hafla humfanya msomaji atazamie mgeni rasmi na hotuba. Yafaa kuandika "jioni ya kucheza pamoja". "Tamasha" litumike kwa shughuli nzima, "warsha" kwa mafunzo ya muda mfupi, na "onyesho" kwa mchezo wa jukwaani.

Katika ngazi za washiriki ndipo ukarimu wa waandaaji huonekana au hukosekana. Tusiandike "wasiojua". Twapendekeza:

(a) wanagenzi: wale ambao hawajafunzwa miondoko ya msingi;
(b) wa kati: waiwezao miondoko hiyo na kufuata mapigo;
(c) mahiri: wawezao kubuni mchezo papo hapo kwa kuusikiliza muziki.

Vipimo hivi hutazama ujuzi, si umri wala umbo. Mfunzaji aitwe "mwalimu". "Kungwi" ni mtu wa unyago, na jina hilo lingepotosha maana.

Mfano mwema ni tamasha lililoanzishwa Cairo na mwalimu Raqia Hassan mwaka 2000, likapewa jina Ahlan wa Sahlan. Jina lenyewe ni maamkizi ya kumpokea mgeni, nayo hayahitaji tafsiri kwa watu wengi wa Mwambao. Tangazo letu nalo lifuate mwendo huo: kila warsha itajwe ngazi yake, saa yake na vazi lifaalo, na kwa wanagenzi iongezwe sentensi moja: "Si lazima uwe umewahi kucheza." Mgeni aliyesoma hayo hana haja ya kuuliza kama anakaribishwa.