Wimbo Hukamilishwa na Wanaouitikia

Miongoni mwa Wakamba wa Kitui na Makueni, nchini Kenya, wimbo hauachiwi mwimbaji peke yake. Anayeongoza huitwa ngui. Yeye ndiye mtunzi, ndiye mwanzishaji, na lawama ya neno baya humrudia yeye. Hata hivyo, uhai wa wimbo uko mikononi mwa waliomzunguka. Wakiitikia kwa nguvu, ngui huongeza beti, hutaja majina ya waliopo na kuurefusha wimbo hadi vumbi litimke. Wakiitikia kwa ulegevu, hubadilisha mwendo au kuanzisha wimbo mwingine. Hakuna anayehitaji kumwambia kwamba amekosea, kwa kuwa miguu ya wachezaji imekwisha kusema.

Desturi hiyo huonekana wazi zaidi katika kilumi, ngoma ya Wakamba inayobebwa hasa na wanawake wenye umri. Huchezwa kuomba mvua na kuwatuliza wanaosumbuliwa na pepo. Mpigaji hamwachi mchezaji machoni. Mdundo usipomwingia mchezaji, hutafutwa mdundo mwingine. Wamishenari wa Africa Inland Mission walipofika Nzaui, katika Makueni ya leo, mwaka 1895, walianza kazi iliyoligeuza eneo zima, na makanisa mengi yakawakataza waumini ngoma za jadi. Ngoma zikapungua, lakini mtindo wa mmoja kutoa na wengi kupokea ukahamia katika kwaya na ukaendelea.

Ulibaki pia katika mwethya, kundi la majirani wanaofanya kazi kwa zamu katika mashamba ya kila mmoja wao. Makundi hayo, ambayo wengi wa wanachama wake ni wanawake, ndiyo yaliyochimba matuta ya fanya juu kwenye miteremko ya Ukambani ili udongo usichukuliwe na mvua chache zinazonyesha kwa fujo. Hapo wimbo hupanga kasi ya majembe. Mwenye sauti huongoza, wengine huitikia, na wakichoka huupunguza mwendo naye huwafuata. Anayeona tuta limekaa vibaya husema palepale, tena huonyesha mahali penyewe, maana maji yakipasua tuta moja hushuka na kuharibu yaliyo chini.

Santuri zilipoingia, msikilizaji alisogezwa mbali na mwimbaji. Katika miaka ya 1970 na 1980, maduka na studio za River Road, Nairobi, yalisambaza benga ya Kikamba, muziki wa gitaa, hadi vijijini. Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers waliimba kwa Kikamba na Kiswahili na kupendwa nchi nzima. Kalambya Sisters nao walivuma kwa wimbo wao wa Katelina. Hata hivyo, watu walikataa kuwa wapokeaji tu. Walituma kadi za salamu redioni, wakaomba wimbo fulani kwa ajili ya watu fulani, na mwimbaji aliyetaka kupendwa akaendelea kutaja vijiji na majina ya watu kama ngui wa zamani. Leo Musyi FM na vituo vingine vya Kikamba vimejaa simu za wasikilizaji wanaoagiza, wanaosifu na wanaokosoa.

Chombo kipya katika safari hii ni kompyuta ya mezani. Katika miji kama Wote, Mwingi na Kibwezi, kijana mwenye duka la muvi huwa na kompyuta iliyotumika, spika mbili na maelfu ya nyimbo. Mteja huja na flashi au memori kadi, hutaja anachotaka, huwekewa, hulipa na kwenda zake. Nyimbo huchezwa kwa programu ya bure. Wengine wamezoea Winamp tangu zamani, na wengi wanaijua VLC kwa alama yake ya koni ya rangi ya machungwa. VLC ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa chuo kimoja cha uhandisi karibu na Paris, na mwaka 2001 ikaachiliwa chini ya leseni ya GPL, inayomruhusu mtu yeyote kuitumia, kuichunguza, kuirekebisha na kuigawa. Programu huria za namna hii hukua kwa maoni ya wanaozitumia. Watu wa Kitui na Makueni wana maoni mengi ya kutoa, na yanatoka katika mila yao.

La kwanza ni jina la ngui. Kikamba kina irabu saba, na mbili kati yake huandikwa kwa alama juu: ĩ na ũ. Mfumo wa kwanza wa kuandika taarifa ndani ya faili la MP3, uliobuniwa mwaka 1996, ulitenga herufi 30 tu kwa jina la wimbo na 30 kwa jina la mwimbaji, na haukuwa na nafasi ya irabu hizo. Ukiandika “Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers” humo, jina hukatika kwenye “Kilimambogo B”. Mifumo iliyofuata iliondoa vikwazo hivyo, lakini mafaili yaliyopita mikono mingi bado yana majina yaliyokatwa au yaliyojaa alama za kuuliza. Katika jamii inayomtunza ngui uwanjani kwa kumpa fedha mbele ya watu, kupoteza jina lake ni kumnyima haki yake. Programu inayoonyesha jina zima, na kumwezesha mwenye duka kulisahihisha kwa urahisi, humsaidia msikilizaji kujua ni nani wa kutunzwa.

La pili ni wimbo wenyewe. Santuri ndogo za benga mara nyingi ziligawa wimbo mmoja katika sehemu mbili, moja kila upande. Nyimbo hizo zilipohamishiwa kompyuta zikawa mafaili mawili, na mara nyingi sehemu ya pili huishia mbali na ya kwanza. Anayeumia ni mchezaji, kwa kuwa sehemu ya pili ndiyo mara nyingi yenye gitaa analolingojea. Programu yapasa kuziunganisha sehemu hizo na kuzicheza bila pengo.

La tatu ni mpangilio. Programu nyingi hupanga muziki kwa albamu, ilhali mteja wa Kitui huomba nyimbo za harusi, za harambee, za kanisani au za kufariji waliofiwa. Hapa muziki una shughuli yake, na wimbo wa shughuli moja ukipigwa katika nyingine ni aibu kwa mwenye nyumba. La nne ni mashine. Kompyuta ni kuukuu, bando ni ghali, na stima hupotea pasipo taarifa. Programu inayodai intaneti kila mara, au inayosahau orodha yote stima inapokatika, haiwafai watu hawa hata ikiwa ya bure.

Maoni haya hayatawafikia watengenezaji kwa kunung’unika dukani. Mtumiaji anayesema tu “haichezi” hajamsaidia mtu. Anayetaja toleo la programu, aina ya faili, alichobonyeza na kilichotokea amefanya kama yule anayeonyesha tuta lilipopasukia. Wasioandika msimbo nao wana zamu yao, maana kutafsiri maneno ya programu kwa Kiswahili na Kikamba ni kazi ya mjuzi wa lugha. Katika sensa ya 2019 Wakamba walihesabiwa kuwa zaidi ya milioni 4.6. Walimu wa lugha, watangazaji na wanakwaya miongoni mwao wanaweza kuifanya kazi hiyo.

Mtengenezaji naye ana wajibu wa kujua jinsi watu hawa wanavyosema. Wazee wengi hawatamkosoa mgeni usoni; akiwauliza kama programu ni nzuri, watajibu kwa adabu kwamba ni nzuri. Aketi dukani siku ya soko, aone mteja anatafuta nini asikipate, mwenye duka anachoka wapi, na wimbo gani unakatizwa kabla ya gitaa kushika kasi. Hayo ndiyo majibu yake.

Vijana wa maduka ya muvi ndio wanaofaa kuanza, kwa sababu kila siku wanasikia watu wanaomba nini. Wakusanye malalamiko ya wateja, wayaandike vizuri, wasahihishe majina ya waimbaji katika mafaili waliyo nayo, na kuwatumia watengenezaji yale wasiyoweza kuyarekebisha wenyewe. Babu na nyanya zao hawakuupokea wimbo wowote wakiwa kimya. Programu iliyotolewa bure, ikiwa na ruhusa ya kuibadilisha, inastahili kuitikiwa kwa moyo uo huo.