Ukikoroma na pumzi ikakatika, mwone daktari

Je, mwenzako hulalamika kwamba unakoroma, kisha unanyamaza ghafla kama mtu aliyekabwa koo? Usilichukulie jambo hilo kuwa mzaha. Huenda una ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Misuli ya koo hulegea, njia ya hewa hujifunga, nawe hugutuka mara nyingi kila usiku bila kujua. Mchana husinzia kazini, au hata ukiendesha gari.

Zamani, waliozidiwa walitobolewa koo ili wapumue kupitia tundu hilo. Aliyeleta njia nyingine ni Daktari Colin Sullivan wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia. Katika miaka ya 1970 alikuwa Toronto, Kanada, akichunguza jinsi mbwa wanavyopumua wakiwa wamelala. Baada ya kurejea Sydney, mwaka 1980 alimpata mgonjwa aliyekataa kutobolewa koo. Alimfunga puani kifaa kilichopuliza hewa ya kawaida mfululizo kwa nguvu ya mota. Hewa hiyo iliizuia njia isijifunge, na mgonjwa akalala vizuri. Matokeo ya wagonjwa watano yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1981.

Leo mashine hiyo hutumika kote ulimwenguni. Haiondoi ugonjwa, husaidia inapovaliwa kila usiku.

Kwa hivyo, msomaji, mwombe mwenzako akusikilize ukilala. Pumzi ikikatika, mwone daktari, kwani ugonjwa huu huandamana na shinikizo la damu. Wakati huo, lala kwa ubavu, punguza uzito ikiwa umenenepa, na uepuke pombe jioni, kwa kuwa hulegeza koo zaidi.