Umefuta, lakini diski bado imejaa

Mwenye duka hapa Qurum, Oman, anafuta mauzo ya miaka mingi kwenye kompyuta yake, anatazama diski, anakuta nafasi ni ileile. Fundi anamshauri anunue diski mpya. Inaniuma kila nikisikia ushauri huo, kwa sababu mara nyingi diski haina kosa lolote. Jambo liliamuliwa siku programu ya mauzo ilipowekwa, na mwenye mali hakuulizwa.

Programu nyingi za aina hiyo huhifadhi kumbukumbu katika MySQL, mfumo wa hifadhidata. Kabla ya toleo la 5.6, lililokamilika mwaka 2013, kawaida ilikuwa kurundika majedwali yote katika faili moja, ibdata1. Ukifuta mistari milioni, InnoDB, injini inayosimamia faili hilo, huihesabu nafasi kuwa tupu na kuiwekea data mpya, lakini hairudishi kwa kompyuta. Anayeendelea kuuza kila siku hapotezi kitu, nafasi itajazwa tena. Anayeumia ni yule aliyefuta kwa sababu diski imefika ukingoni.

Tangu 5.6, mpangilio wa innodb_file_per_table huwa umewashwa: kila jedwali na faili lake. Ukiliondoa jedwali zima, nafasi yake inarudi papo hapo. Ukifuta mistari tu, sharti uendeshe OPTIMIZE TABLE, amri inayolijenga jedwali upya. Nayo huhitaji nafasi ya kuweka nakala ya pili wakati wa kazi, kwa hiyo usingoje diski ijae pomoni. PostgreSQL, mfumo mwingine wa hifadhidata, ina tabia inayokaribiana: VACUUM ya kawaida huacha nafasi ndani ya jedwali, VACUUM FULL huirudisha, lakini hulifunga jedwali mpaka imalize.

Wengi hunasa hapa: katika MySQL, kuwasha innodb_file_per_table leo hakuhamishi majedwali ya jana. Hata ukiyajenga upya yakatoka, ibdata1 lenyewe hubaki na ukubwa wake. Dawa iliyozoeleka ni kutoa data yote kwa programu ya mysqldump, kusimamisha seva, kufuta mafaili ya zamani, kuanza upya na kuirudisha data.

Kufuta mafaili hayo bila nakala iliyojaribiwa ni kuichezea riziki. Irudishe kwanza kwenye kompyuta nyingine uone kama inafunguka, kisha iweke mbali na duka. Juni 2007 kimbunga Gonu kiliingiza maji Qurum, na seva iliyo chini ya meza haina pa kukimbilia. Tena, kabla ya kufuta lolote, kumbuka kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5, iliyoanza Oman Aprili 2021: sheria yake inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 10. Mauzo ya mwaka juzi si takataka.

Fundi akija, mwambie aandike SHOW VARIABLES LIKE 'innodb_file_per_table' na akuonyeshe ukubwa wa ibdata1 kabla hamjazungumza bei ya diski. Ikibidi kujenga upya, mpe Ijumaa asubuhi, duka likiwa limefungwa.